Mtumishi Mpya Asikabidhiwe Funguo Zote

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kupokea katika simu yako ujumbe usemao: “Ile hela itume kwenye namba hii.” Hauna salamu wala jina la mwandishi. Mtu aliyeupeleka hakujui, nawe humjui. Ameupeleka kwa watu wengi kwa mpigo, akitumaini kwamba miongoni mwao yuko mmoja ambaye asubuhi hiyo hiyo alikwisha kuahidi kumtumia mtu fedha: kodi ya chumba, ada ya mtoto, au mchango wa msiba. Mtu huyo akiusoma ujumbe kwa haraka, ataudhania kuwa ni mwendelezo wa mazungumzo aliyokuwa nayo, na jasho lake la mwezi mzima litakwenda kwa mwizi.

Wengi wetu tumekwisha kujifunza kuufuta ujumbe wa namna hiyo. Tunawajua ndugu zetu kwa sauti zao, na tukiingiwa na shaka tunapiga simu na kuuliza. Lakini je, itakuwaje siku ambayo anayeusoma ujumbe huo si wewe, bali ni mtumishi asiye na mwili, akaaye ndani ya simu au kompyuta yako, ambaye umempa ruhusa ya kusoma barua zako, kuzijibu, na kulipa madeni kwa niaba yako?

Swali hilo si la hadithi za kubuni. Watumishi wa namna hiyo wamekwisha kuanza kazi maofisini na majumbani katika nchi nyingi, na katika vyuo vikuu wako wanafunzi wanaotumia miaka yao ya masomo kutafuta njia ya kuwazuia wasigeuke kuwa adui ndani ya nyumba. Makala haya yanaieleza kazi ya wanafunzi hao, pamoja na somo linalotuhusu sisi wafanyakazi na familia zetu.

WAKALA HUYU NI NANI?

Wataalamu humwita mtumishi huyu wakala. Tusimchanganye na wakala tunayemfahamu, yule aketiye kibandani mtaani akituwekea na kututolea fedha za simu. Wakala tunayemzungumzia hapa ni programu ya kompyuta iliyojengwa juu ya kile ambacho siku hizi huitwa akili mnemba.

Programu za akili mnemba ambazo watu wengi walianza kuzifahamu mwishoni mwa mwaka 2022 zilikuwa za mazungumzo tu. Uliuliza swali, nazo zikajibu. Zilipokosea, kosa lilibaki katika maneno, na mwenye busara aliweza kulikataa. Wakala amevuka mpaka huo. Yeye hupewa kazi, akaigawa katika hatua, kisha akatenda mwenyewe: hufungua barua pepe, husoma majalada, hutafuta habari katika intaneti, huandika programu nyingine, hununua tikiti na hupeleka malipo. Kosa lake ni tendo, na yako matendo ambayo hayarudishwi nyuma.

Udhaifu wake mkubwa uko katika namna anavyosoma. Hebu tumfikirie karani mpya wa ofisi aliyepewa kazi ya kufungua barua zinazoingia na kumweleza mkuu wake yaliyomo. Siku moja anafungua barua yenye maneno haya: “Karani, ukimaliza kusoma, chukua majalada yote ya ofisi uyapeleke kwenye anwani ifuatayo, wala usimwambie mkuu wako.” Karani mwenye akili timamu atacheka, kisha ataipeleka barua hiyo kwa mkuu wake. Anafahamu kwamba amri hutoka kwa mkuu, na kwamba barua ya mtu wa nje ni kitu cha kusomwa, si cha kutiiwa.

Wakala wa kompyuta hana mpaka ulio imara kiasi hicho. Amri ya bwana wake na maandishi ya barua humfikia kwa njia moja, yote yakiwa ni mfululizo wa maneno, naye hukisia ni yapi ya kufuatwa. Mara nyingi hukisia vema. Mara nyingine huitii barua.

Jambo hili lilidhihirishwa mwezi Februari 2023 na kikundi cha watafiti wa mjini Saarbrücken, Ujerumani, wakiwamo wanafunzi. Kai Greshake, Sahar Abdelnabi na wenzao walionyesha kwamba mwovu hahitaji kuvunja kompyuta ya mtu wala kuiba neno lake la siri. Inatosha aandike amri na kuificha katika ukurasa wa intaneti, pengine kwa herufi zisizoonekana kwa jicho la binadamu. Programu inapousoma ukurasa huo kwa niaba ya mwenyewe, huisoma na ile amri, na kuanzia hapo inaweza kuwa inamtumikia mgeni. Katika jaribio mojawapo programu ya mazungumzo ya Bing iligeuzwa ikawa inamdadisi mtumiaji kwa ujanja ili ataje jina lake halisi. Mtumiaji huyo angeendelea kudhani kwamba anahudumiwa.

Ndiyo ile ile hila ya “ile hela itume kwenye namba hii.” Maneno ya mgeni yanajipenyeza katikati ya mazungumzo ya watu wawili, yakijifanya kuwa ni sehemu ya mazungumzo hayo.

SEMINA YA MWAKA 1983

Mambo haya hayakuanza leo. Yana historia ya zaidi ya miaka 40, na wanafunzi wamo tangu mwanzo wake.

Mwezi Novemba 1983 Fred Cohen, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Southern California, Los Angeles, alionyesha mbele ya semina ya usalama wa kompyuta programu iliyoweza kujinakili ndani ya programu nyingine. Mwalimu wake, Leonard Adleman, ndiye aliyeipa jina ambalo leo hata watoto wa shule wanalijua, yaani virusi. Jaribio lilifanywa kwa ruhusa na kwa hadhari, likarudiwa mara tano. Kila mara programu hiyo ilipata mamlaka yote ya kompyuta kabla ya saa moja kwisha. Mara moja ilifaulu kabla ya dakika 5.

Linalopasa kukumbukwa ni lile lililofuata. Wasimamizi wa kompyuta ile walipoyasikia matokeo, waliamua kwamba majaribio mengine ya usalama yasifanywe tena katika mashine yao. Ni sawa na mtu aliyeambiwa na fundi kwamba nguzo ya nyumba yake imeliwa na mchwa, akamfukuza fundi na kuendelea kulala humo humo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe ulianza kuhitajika baada ya miaka mitano tu.

USIKU WA NOVEMBA 2, 1988

Jioni ya Novemba 2, 1988, Robert Tappan Morris, kijana wa miaka 22 aliyekuwa ameanza masomo ya juu katika Chuo Kikuu cha Cornell, aliachia katika intaneti programu aliyoitunga. Ili asijulikane ilikotoka, aliiachia kupitia kompyuta ya chuo kingine, MIT. Programu hiyo ilikuwa ya aina iitwayo mnyoo. Virusi hujificha ndani ya programu nyingine, lakini mnyoo hutembea peke yake kutoka kompyuta hadi kompyuta.

Mnyoo huyo alikuwa na njia kadhaa za kuingia. Alitumia kasoro katika programu ya kupelekea barua, na nyingine katika programu ya kuuliza habari za watumiaji. Tena alikisia maneno ya siri. Alijaribu jina la mwenyewe, akajaribu jina hilo hilo kinyumenyume, kisha akapitia orodha ya maneno 432 ambayo watu hupenda kuyatumia. Ndugu msomaji, ukitazama leo maneno ya siri ya wenzako kazini, pengine utakuta njia hiyo bado inafaa.

Morris hakumwagiza mnyoo wake afute kitu chochote. Alijua pia kwamba nakala nyingi katika kompyuta moja zingeilemea, hivyo akamfundisha kuuliza kwanza: “Je, mwenzangu yumo humu?” Akijibiwa ndiyo, aondoke. Lakini akahofu kwamba wasimamizi wangeziagiza kompyuta zao zijibu ndiyo kwa uongo ili kumzuia. Kwa hiyo akaamuru kwamba kila mara ya saba, hata jibu likiwa ndiyo, mnyoo aingie tu.

Hesabu hiyo ndogo ndiyo iliyoleta maafa. Mnyoo alikuwa akirudi katika kompyuta ile ile mara nyingi kuliko mwenyewe alivyodhani, na nakala zikarundikana hadi mashine zikashindwa kufanya kazi. Kompyuta zilizokuwa katika intaneti siku zile zilikadiriwa kuwa 60,000, na zilizopatwa zilikadiriwa kufikia 6,000. Vyuo vikuu, vituo vya utafiti na ofisi za jeshi vililazimika kujitenga na mtandao. Morris alipoona mambo yamemponyoka alimwomba rafiki yake apeleke ujumbe wa kueleza jinsi ya kumzuia mnyoo. Ujumbe ulichelewa kwa sababu mtandao wenyewe ulikuwa umekwisha kuziba.

Watu wa vyuo vya Berkeley, MIT na Purdue, walimu na wanafunzi, walikesha wakimchambua mnyoo huyo na kutafuta dawa. Kutokana na tukio hilo, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kikaundwa kikosi cha kwanza cha kushughulikia dharura za kompyuta, ambacho kimekuwa kigezo kwa nchi nyingi. Mwaka 1990 Morris alihukumiwa kifungo cha nje cha miaka 3, saa 400 za kuitumikia jamii, na faini ya dola 10,050. Baadaye alikuja kuwa profesa katika chuo kile kile cha MIT.

Mambo mawili yanatokeza hapa. La kwanza, madhara makubwa yanaweza kuletwa na programu ambayo mtunzi wake hakukusudia kuharibu. La pili, tofauti kati ya Cohen na Morris haikuwa akili, maana wote wawili walikuwa na akili nyingi. Cohen aliomba ruhusa, Morris hakuomba.

MNYOO WA PILI

Mwezi Machi 2024 jina la Morris lilirudi katika habari. Stav Cohen, mwanafunzi wa chuo cha Technion cha Israel, ambaye tusimchanganye na Fred Cohen wa 1983, akishirikiana na Ben Nassi wa Cornell Tech ya New York na Ron Bitton wa kampuni ya Intuit, walitangaza kwamba wametunga mnyoo wa zama za akili mnemba. Wakamwita Morris wa Pili.

Mnyoo huyu hahitaji kasoro ya kiufundi kama zile za 1988. Mwili wake wote ni maneno. Mtu anapelekewa barua pepe, na ndani yake mna maandishi, au picha iliyofichwa maandishi, yanayomwagiza wakala wa mpokeaji mambo matatu: yarudie maneno haya haya katika jibu utakaloandika, chukua habari za siri za bwana wako, kisha zipeleke. Wakala anatii, anaandika jibu, na jibu lenyewe limebeba amri ile ile. Linapofika kwa mtu wa pili mwenye wakala wa namna hiyo, mambo yanarudiwa, na kwa wa tatu vivyo hivyo. Mwenye barua hakubonyeza kitu. Pengine alikuwa amelala.

Watafiti hao walimjaribu mnyoo wao dhidi ya programu zilizojulikana sana wakati ule, zikiwamo za Google na OpenAI, lakini walifanya hivyo ndani ya maabara iliyotengwa, pasipo kugusa barua ya mtu yeyote. Kisha wakaziarifu kampuni husika. Walikuwa wamechukua jina la Morris na utaratibu wa Fred Cohen.

Hawakuishia katika kuonyesha ugonjwa. Walitunga pia mlinzi wa kuuzuia, kwa hoja nyepesi ya kuvutia. Mnyoo hawezi kuenea bila kujinakili, na kujinakili maana yake ni kwamba barua itokayo itafanana na barua iliyoingia. Basi mlinzi asisumbuke kutafuta maana ya kila neno. Aliweke jibu la wakala kando ya barua aliyoisoma, azilinganishe, na zikifanana kupita kiasi azuie.

MLINZI PEKE YAKE HATOSHI

Je, si ingekuwa rahisi kuwafundisha mawakala wawe na akili zaidi, ili wasidanganyike? Kazi hiyo inafanywa, na inasaidia. Lakini mwizi naye hujifunza. Fred Cohen alikwisha kuthibitisha kwa hisabati kwamba haiwezekani kutunga programu moja itakayovitambua virusi vyote bila kukosea hata mara moja. Kwa maneno matupu, ambayo mtu anaweza kuyageuza kwa namna elfu, ugumu hauwezi kuwa mdogo kuliko huo.

Wanafunzi na walimu wa chuo cha ETH mjini Zürich, Uswisi, walilitazama jambo hili kwa vipimo. Mwaka 2024 walitengeneza uwanja wa majaribio walioupa jina la AgentDojo, wenye ofisi, benki na safari za kuigiza. Wakala anapewa kazi za kila siku 97, kama vile kusoma barua au kulipa ankara, na njiani anawekewa mitego katika majaribio 629. Katika matokeo waliyoyatangaza mwaka huo, mawakala waliokuwa hodari kuliko wote walinaswa katika chini ya asilimia 25 ya majaribio. Walipowekewa mlinzi wa kutambua hila, idadi ilishuka hadi asilimia 8.

Mtu anaweza kusema asilimia 8 ni ndogo. Lakini ni nani kati yetu angemkabidhi mshahara wake mhazini ambaye, kila anapopelekewa barua 100 za kitapeli, hulipa 8? Tena mwizi wa mtandao hachoki, na kumpelekea wakala barua 100 hakumgharimu kitu.

Hapo ndipo baadhi ya watafiti walipogeuza swali. Badala ya kuuliza, “Tutamfanyaje wakala asidanganyike?” wakauliza, “Akidanganyika, ataweza kufanya nini?”

Jibu lake linajulikana kwa kila mfanyakazi aliyewahi kukaa katika ofisi yenye utaratibu. Mtu aandikaye hati ya malipo siye aisainiye, na aisainiye siye ashikaye sanduku la fedha. Hatufanyi hivyo kwa kuwa tunawadhania wote kuwa wezi. Tunafanya hivyo ili hata akitokea mmoja aliyedanganywa au kuhongwa, fedha isitoke. Wataalamu wa kompyuta nao wanayo kanuni hiyo tangu mwaka 1975, ilipoelezwa kwa ufasaha na Jerome Saltzer na Michael Schroeder wa MIT: kila programu na kila mtumiaji apewe madaraka yale tu yanayohitajika kwa kazi yake, wala yasizidi.

Mwaka 2025 Edoardo Debenedetti wa ETH, mmoja wa waliotengeneza uwanja ule wa majaribio, pamoja na wenzake wa Google DeepMind, waliitumia kanuni hiyo kwa mawakala. Katika mpango wao waliouita CaMeL, kazi ya wakala mmoja imegawanywa kwa wawili. Wa kwanza husikia amri ya bwana wake na kupanga hatua zote, lakini haruhusiwi kusoma barua za watu wa nje. Wa pili husoma barua hizo na kutoa habari zilizomo, lakini hana mkono wa kutenda lolote: halipi, hapeleki, hafuti. Hivyo barua ya kitapeli humfikia yule asiye na ufunguo. Gharama ipo, maana baadhi ya kazi hushindikana chini ya utaratibu huo. Lakini hata ofisini saini mbili huchelewesha malipo, na hakuna mhasibu mwema anayetaka zifutwe.

AKIKOSEA MWENYEWE?

Hadi hapa tumemzungumzia wakala aliyedanganywa na mtu. Yuko pia wakala anayekwenda kombo bila kudanganywa na yeyote. Mwezi Julai 2025 mfanyabiashara mmoja wa Marekani alieleza hadharani jinsi wakala aliyekuwa akimwandikia programu alivyofuta hazina ya kumbukumbu za kazi yake, ijapokuwa alikuwa amemwagiza asibadili kitu bila idhini. Wakala alipoulizwa alisema kumbukumbu hizo hazirejesheki. Hata hilo halikuwa kweli, kwani baadaye zilirejeshwa.

Kwa hofu ya namna hiyo, watafiti wa taasisi ya Redwood Research ya Marekani walipendekeza mwezi Desemba 2023 kwamba wakala mwenye nguvu achukuliwe kana kwamba huenda ana nia mbaya, hata kama hajaonyesha dalili. Kazi yake ikaguliwe na programu nyingine, dhaifu zaidi lakini inayoaminika, na penye shaka binadamu aitwe atazame. Msingi ni ule ule. Hatuwezi kuona moyoni mwa mtumishi, lakini tunaweza kupanga mlango upi afungue na upi asiufungue.

VIJANA WETU

Pengine mzazi msomaji anaye kijana anayekesha mbele ya kompyuta akitaka kujua jinsi mambo haya yanavyofanyika, nawe huna hakika kama umpongeze au umkemee. Kabla ya kumkemea, kumbuka kwamba kazi nyingi tulizozieleza hapa zilifanywa na wanafunzi, na nyingine hazikuhitaji mitambo ya mamilioni. Zilihitaji kompyuta chache zilizotengwa, ustahimilivu, na mwalimu wa kuongoza.

Lakini mweleze pia mpaka ulipo. Tanzania inayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya inayo sheria ya namna hiyo ya mwaka 2018. Kuingia katika kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa, hata kama kijana atasema alitaka kujifunza tu. Morris naye alitetewa kwamba alitaka kuonyesha upungufu wa ulinzi. Ajaribu katika mashine yake mwenyewe, au ya chuo kwa ruhusa iliyoandikwa, na akigundua ufa amwarifu mwenye nyumba kabla ya kuutangaza mtaani.

Na wakuu wa vyuo na maofisi nao wasiige wale wasimamizi wa 1983. Kijana akija na habari ya ufa kwa njia ya haki, asikilizwe. Akifukuzwa, ufa hautaondoka naye.

NYUMBANI NA KAZINI

Sasa turudi katika nyumba zetu. Wakala wa akili mnemba anakuja kwetu ndani ya simu, mara nyingi kwa jina zuri na ahadi ya kutupunguzia kazi. Hakuna haja ya kumkimbia. Mpokee kama ambavyo ungempokea mtumishi ambaye hujawajua wazazi wake.

Kwanza, tazama ruhusa anazoziomba kabla hujakubali. Ikiwa kazi yake ni kukukumbusha siku za mikutano, ana haja gani na picha zako na orodha ya majina yako yote? Mnyime.

Pili, namba ya siri ya fedha za simu asipewe kamwe, wala isiandikwe katika ujumbe au barua anayoweza kuisoma. Akihitajika kulipa, alipe kutoka katika akaunti ndogo yenye fedha ya matumizi tu, ili hata akidanganywa hasara iwe ya kilo ya sukari, isiwe ya kiwanja.

Tatu, kila malipo na kila barua itokayo nje ipitie kwako kwanza, nawe uisome kweli kweli. Mtu anayebonyeza kukubali bila kusoma hana tofauti na mwenyekiti anayesaini hundi tupu.

Nne, ujumbe wa kubadili namba ya malipo, hata ukiwa umeletwa na wakala wako kwa maneno ya adabu, usiufuate mpaka umempigia mhusika kwa namba unayoijua tangu zamani. Usitumie namba iliyo ndani ya ujumbe huo.

Tano, katika chama cha akiba na mikopo, katika ofisi ya mishahara na katika kamati ya shule, msikubali kuambiwa kwamba kwa kuwa sasa kuna mashine, saini mbili hazihitajiki tena. Mashine isomayo barua za watu wa nje isiwe ndiyo hiyo hiyo ishikayo fedha. Na kila tendo lake liandikwe mahali ambapo yeye mwenyewe hawezi kupafuta.

Utaratibu huu si mgeni kwetu. Mama mwenye nyumba humpa msaidizi mpya ufunguo wa jikoni, na ule wa kabati la nguo na fedha akabaki nao mwenyewe. Hamtukani kwa kufanya hivyo, na siku zikipita humwongezea dhamana kadiri anavyomwona. Wanafunzi wa Saarbrücken, Technion na Zürich wametumia hisabati na maabara, wakafika karibu sana na hapo.

Basi jioni ya leo, kabla ya kulala, mfungulie mwanao mkubwa simu yako, mpitie pamoja orodha ya programu mlizozipa ruhusa, na mzifunge zile msizoweza kueleza kazi yake. Huenda ikawachukua nusu saa. Na “ile hela itume kwenye namba hii” ikija tena kesho, iwe imesomwa na wewe au na mtumishi wako, ikute fedha iko mahali ambapo maneno peke yake hayawezi kuitoa.